Baruti kidogo si usalama: maswali yenu kuhusu rivolva za magnum

Tangu tutaje hapa kwamba kuna Wakenya wengi Marekani wanaojijazia risasi wenyewe nyumbani, yaani wanachukua ganda lililotumika wanaweka praima mpya (kile kidude cha nyuma kinachowasha moto kikigongwa), baruti na kichwa, barua zimekuja kwa wingi, zingine kutoka kwa hao hao walioko huko na zingine kutoka kwa jamaa zao hapa Nakuru, Kisumu na Kakamega. Nimechagua zile zinazouliza kile wengi wameuliza kuhusu rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, za magnum, yaani za risasi zenye nguvu kuliko kawaida. Neno moja tu kabla hatujaanza. Majina ya baruti nitayataja lakini vipimo sitataja, vipimo vinatoka kwa kitabu cha aliyetengeneza baruti au kichwa cha risasi, chapa ya karibuni, si kwa gazeti na si kwa rafiki.

SWALI: Mwalimu habari ya siku. Mimi ni mtu wa Lanet lakini saa hii niko Texas. Nimenunua rivolva ya .357 Magnum, mtutu wa inchi 4, na vichwa vya greini 158 (greini ni kipimo kidogo cha uzito). Jamaa tunafanya naye kazi amenipa kopo la baruti inaitwa H110 limebaki nusu, ananiambia niweke nusu ya kile kitabu kinasema ndio mkono uzoee pole pole. Mimi naona ni ushauri mzuri manake baruti kidogo si ndio salama zaidi?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na nimefurahi umeuliza kabla hujaanza. Huyo rafiki yako anataka kukusaidia lakini hapo amekuelekeza pabaya. Kwa baruti nyingi kanuni ni kuanza chini, kama asilimia 10 chini ya kiwango cha mwisho cha kitabu, halafu unapanda kidogo kidogo, lakini H110 haimo kwa hiyo kanuni. Hodgdon wenyewe wanaoiuza wanaandika wazi kabisa usiipunguze zaidi ya asilimia 3. Tatu, si hamsini! Na ujue H110 na ile inaitwa Winchester 296 ni baruti moja ndani ya makopo mawili tofauti, kwa hivyo onyo ni lile lile.

Sababu ni hii. Baruti hiyo ni vipunje vidogo vya mviringo vilivyopakwa dawa ya kuchelewesha moto, na ili viwake sawasawa vinahitaji praima yenye nguvu, presha ya kutosha na ganda lililojaa. Ukiweka nusu, baruti inalala chini ya ganda, moto wa praima unapita juu yake, inawaka vibaya au inawaka kipande tu. Kichwa kinatoka kwa ganda lakini hakitoki kwa mtutu, kinakwama katikati. Wewe unasikia mlio mdogo usio wa kawaida, unafikiria risasi ni mbovu, unafyatua ya pili, na hiyo ya pili inakutana na kichwa kilichokwama mbele yake. Mtutu unavimba au unapasuka, na mikono yako iko hapo hapo. Kwa hivyo siku yoyote ukisikia mlio dhaifu, hata kama ni risasi ya dukani, simama, elekeza mtutu mahali salama, ngoja kidogo, toa risasi zote, halafu angalia kama mtutu uko wazi kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa mbona watu wanaipenda hivyo basi? Juu magnum ilitengenezewa mwendo huo. Kiwango cha presha kinachokubaliwa na SAAMI, ile taasisi ya viwanda vya silaha Marekani, ni paundi 35,000 kwa inchi mraba kwa .357 na 36,000 kwa .44. Hilo ndilo dari, baruti yoyote utakayotumia huruhusiwi kulipita. Baruti ya kasi kama Bullseye au Titegroup inafika kwa dari mara moja halafu imeisha, wakati kichwa bado hakijaenda mbali. Baruti ya pole inafika dari lile lile lakini inaendelea kutoa gesi nyuma ya kichwa kikiwa kinakimbia ndani ya mtutu. Ni kama matatu imezima pale Section 58, mkiipiga teke moja haiendi popote lakini mkiisukuma wote bila kuachilia inashika mwendo. Ndio maana presha moja inaweza kukupa kasi mbili tofauti kabisa.

Lakini wewe hujauliza kasi, umeuliza mkono uzoee, na hapo ndipo watu wengi wanachagua baruti kwa sifa badala ya kuchagua kwa kazi. Ukitaka risasi laini usichukue baruti ya nguvu ukaipunguza, chukua baruti ya kazi laini. Unique kwa mfano ni ya wastani, imekuwepo zaidi ya miaka mia, na vitabu vina vipimo vyake vya .357 kuanzia chini hadi katikati. Ama rahisi zaidi, nunua risasi za .38 Special, zinaingia kwa rivolva yako bila shida, fanya nazo mazoezi hadi uzoee kifyatuo. Baadaye ukitaka risasi za nguvu kamili, mimi ningekuanzishia baruti inaitwa 2400 ya kampuni ya Alliant kabla ya H110, juu hiyo inakubali kuanzia chini na kupanda taratibu vile vitabu vinasema, na kwa mtu anayejifunza uvumilivu huo ni kitu kikubwa sana. Utapoteza kasi kidogo ukilinganisha na H110. Poteza tu.

Na hilo kopo nusu usilitumie. Simdharau rafiki yako, lakini hujui kama kuna siku alirudisha baruti ingine humo kwa bahati mbaya, na hakuna mtu anaweza kuangalia baruti kwa macho akakuambia ni ipi. Nunua kopo jipya lililofungwa, andika tarehe siku unafungua, na kwa meza yako kuwe na kopo moja tu wakati wowote unafanya kazi.

SWALI: Mkubwa, ndugu yangu amesema akija Krismasi ataniletea kopo la baruti na mashine ya kujazia. Mimi nina leseni ya bastola, niko Kakamega. Kuna shida?

JIBU: Kuna shida kubwa, mwambie asijaribu. Baruti na praima haziruhusiwi kwa ndege ya abiria, iwe mkononi au kwa sanduku la chini, na akikamatwa uwanja wa ndege hakuna cha kujieleza. Hapa Kenya nako silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114, na baruti inaingia kwa Sheria ya Vilipuzi, sura ya 115. Cheti chako kinakuruhusu kuwa na silaha ile na risasi za idadi iliyoandikwa, hakikufanyi kiwanda. Kama unahitaji risasi nenda kwa muuzaji mwenye leseni na cheti chako, na kama una swali lolote zaidi ya hapo peleka kwa Bodi ya Leseni za Silaha upate jibu la maandishi. Haya mambo mengine yote kwa ukurasa huu ni ya wale wanaoishi mahali yanaruhusiwa.

SWALI: Mimi ni dada kutoka Kisumu, tumehamia Minnesota na mume wangu. Yeye amependa sana hii kazi ya kujaza risasi na anafanyia jikoni, kwa meza ile ile watoto wanakula. Nikimwambia anasema mimi naogopa bure juu baruti haiwezi kulipuka yenyewe. Nani ako sawa?

JIBU: Dada, wewe uko sawa, na msomee hii akiwa ameketi. Anachosema kuhusu baruti kina ukweli nusu. Baruti isiyo na moshi ikiwa wazi mezani inaungua kwa haraka, hailipuki vile watu wanadhani. Lakini kitu cha kukutoa usingizi si hicho, ni risasi yenyewe, namaanisha madini ya risasi. Praima nyingi zina kemikali ya risasi ndani yake, ukifyatua inabaki kama vumbi jeusi ndani ya ganda, na yeye akiokota maganda uwanjani, akayasafisha, akayagonga juu ya hiyo meza, vumbi hilo linabaki pale. Mtoto anaweka mkono mezani, anaweka mkono mdomoni. Sumu ya risasi haina dalili za haraka na kwa watoto inaharibu ubongo unaokua. Kwa hili hakuna mjadala wa nani anaogopa bure.

Kwa hivyo meza ihame, iende gereji au chumba chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo. Asile wala kunywa akifanya kazi, asivute sigara hapo kabisa, anawe mikono kwa sabuni akimaliza, na nguo alizovaa zisichanganywe na za watoto. Meza na sakafu apanguse na kitambaa chenye maji, asifagie vumbi likapaa.

Kuhusu kuweka, baruti ikae kwa kopo lake la asili mahali baridi pakavu, kwa kabati la mbao lenye kufuli. Si kwa sanduku zito la chuma lililofungwa kabisa, juu moto ukitokea sanduku kama hilo linashikilia presha na hapo ndipo baruti inageuka bomu. Praima ndizo zenye hasira kweli. Zinakuja kwa trei, kila moja kwa nafasi yake, na trei ilitengenezwa hivyo ili moja ikipasuka isiwashe zingine. Wapo watu wanazimwaga zote kwa chupa ya jamu ati zinakaa vizuri, hiyo chupa ikianguka nyumba nzima itasikia. Kopo likifunguliwa likitoa harufu kali ya asidi, au ukiona vumbi jekundu jekundu kama kutu, hiyo baruti imeanza kuoza, iondolewe nyumbani siku hiyo hiyo.

Na kitu kimoja zaidi umwangalizie wewe mwenyewe. Kama mizani yake ni ya kidijitali, hakikisha inasoma greini, si gramu. Gramu moja ni greini 15.4 na zaidi kidogo, na kitufe cha kubadilisha kiko hapo mbele kinabonyezwa na mtoto akipita.

SWALI: Sasa mwalimu, mimi ni kijana wa Kondele napenda tu kusoma mambo ya mashine. Hii .38 na .357 si kitu kimoja? Nimeona vichwa vyao vina upana sawa.

JIBU: Umeona vizuri, upana ni ule ule. Tofauti iko kwa urefu wa ganda na kwa presha. .38 Special ilianza mwisho wa miaka ya 1890, enzi ya baruti nyeusi, na presha yake ya juu kwa viwango vya leo ni paundi 17,000 tu. Miaka ya 1930 watu kama Elmer Keith na Philip Sharpe walikuwa wanaijaza kupita kiasi ndani ya rivolva nzito zenye chuma cha kutosha, na mwaka 1935 Smith & Wesson pamoja na Winchester wakatoa rasmi .357 Magnum. Ganda wakalirefusha kama milimita 3. Urefu huo umefanywa makusudi, ili risasi ya magnum isiingie kwa chemba, lile shimo la risasi kwa silinda, ya rivolva ya zamani ya .38, manake presha ni zaidi ya mara mbili na silaha ile ingepasuka.

Keith hakuishia hapo. Alikuwa mfugaji na mwindaji wa Idaho, alijaza .44 Special na ile 2400 kwa miaka mingi akisukuma viwanda vitengeneze kitu kikubwa zaidi, hadi Remington na Smith & Wesson wakakubali na .44 Magnum ikatoka mwisho wa 1955. Nayo ganda lake likarefushwa kwa sababu ile ile. Hata jina la 2400 lina hadithi, ilitengenezwa na kampuni ya Hercules kwa ajili ya risasi ndogo ya .22 Hornet, na 2400 ni futi kwa sekunde walizokuwa wanazitafuta.

SWALI: Habari mzee wangu. Mimi ni wa Njoro, niko Alabama, nawinda kulungu na .44 Magnum ile nyepesi ya titani. Nimejaza risasi na W296 (Winchester 296), kipimo cha kitabu kabisa, praima ya magnum. Ya kwanza hadi ya nne poa, ya tano silinda ikakataa kuzunguka. Baruti ni nyingi?

JIBU: Sidhani ni baruti. Fungua silinda ukiweza, ukishindwa usilazimishe, mpe fundi wa bunduki. Nina hakika karibu yote kwamba utakuta kichwa cha risasi moja kimechomoza mbele ya silinda na kimegusa chuma cha fremu. Kila ukifyatua, bastola inarudi nyuma kwa nguvu na maganda yanaenda nayo, lakini vichwa vizito vinataka kubaki pale vilipokuwa, kwa hivyo vinatoka kidogo kidogo kwa ganda. Ya tano imevutwa mara nne. Rivolva nyepesi ndiyo mbaya zaidi kwa hili juu inaruka sana mkononi, na ndio maana kuna risasi za dukani zinazofanya kazi kwa rivolva ya chuma zikikataa kwa ya titani.

Dawa iko pahali pawili. Kwanza ganda lenyewe lishike kichwa. Ukimaliza hatua ya kutanua mdomo wa ganda, weka kichwa kwa mkono, kikae tu pale juu mlangoni, kisizame. Kikizama kwa kidole, kile chuma cha kutanulia ni kinene mno na hakuna kubana kutakusaidia baadaye. Wengi wanakosea hapa, wanaongeza nguvu ya kubana, ganda linavimba chini ya mdomo na kichwa kinazidi kulegea. Pili mdomo wa ganda ukunjwe uingie kabisa ndani ya ule mfereji uliozunguka kichwa, uuone kwa jicho umeingia, usiishie ukingoni.

Halafu pima. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi, pima urefu wa risasi sita ukiandika kila moja, weka ya sita mahali itabaki mwisho, fyatua tano, toa ya sita uipime tena. Kama imerefuka, hata kidogo cha kuonekana, bado hujamaliza kazi. Fanya hivyo kabla hujaenda msituni. Ukiwa na W296 kubana huku kuna kazi ya pili, baruti yenyewe inahitaji kichwa kikatae kutoka mapema ili presha ipande na iwake yote. Ukikuta titani yako inazivuta hata baada ya hayo, chukua kichwa chepesi kidogo na baruti ya wastani, na nguvu kamili waachie wenye rivolva nzito.

SWALI: Nikijaza na baruti ya kasi nitajuaje sijaweka mara mbili kwa ganda moja? Na nikiongeza pole pole nitajuaje nimefika mwisho? Niko Nakuru likizo narudi Ohio mwezi ujao.

JIBU: Kosa la swali la kwanza limeharibu rivolva nyingi. Ganda la .357 ni refu na kipimo cha Bullseye ni kidogo sana, kinaenea mara mbili, hata mara tatu, na mdomoni huoni tofauti. 2400 ikimwagwa mara mbili inafurika mezani, unajua papo hapo, na hiyo ni sababu ingine ya mimi kuipendelea kwa mgeni. Tumia kibao chenye mashimo 50. Maganda matupu yakae yakiwa yamepinduliwa, unainua moja, unaweka baruti, unalipeleka upande wa pili, na kabla hujaweka kichwa hata kimoja unapitisha tochi kwa pembeni safu kwa safu. Mwanga ukienda mlalo, ganda lenye baruti iliyo juu au chini kuliko jirani zake linaonekana. Simu ikilia katikati, mwaga ulilokuwa unashika uanze upya.

La pili, kwa rivolva alama unayoitegemea ni maganda kutotoka. Yanapaswa kutoka yote kwa kusukuma kile chuma cha kutolea maganda kwa kidole. Ukianza kupiga kwa kiganja, umeshapita, na kipimo unachopaswa kurudi kwake ni cha chini ya pale yalipoanza kushika, si hapo hapo. Praima iliyolala bapa watu wanaizungumza sana lakini kwa .357 inaweza kulala hata kwa risasi halali, na inaweza kubaki mviringo ukiwa umepita dari, kwa hivyo isiwe mwalimu wako. Afadhali kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi. Ukiona kasi imefika ile ya kitabu kabla hujafika kipimo cha kitabu, presha pia imefika, kaa hapo hapo. Na ukibadilisha kitu kimoja, iwe aina ya kichwa, praima au ganda, rudi chini uanze kupanda tena.

Lakini kabla hujalaumu baruti, safisha chemba. Kama ulipiga .38 nyingi siku hiyo halafu ukaweka .357, yale maganda mafupi yameacha pete ya uchafu mbele kidogo ndani ya chemba, na ganda refu la magnum linatanuka juu ya pete hiyo na kushika. Brashi ya shaba na mafuta ya kusafishia, chemba moja baada ya ingine hadi ukiangalia kwa mwanga usione mstari, kisha jaribu tena zile zile.